Kushinda kesi kwa "kuzidi kidogo tu", ni uonevu kweli?

Hukumu ya kiwanja ikitoka tu lazima utamsikia mtu analalamika kwamba jamaa kanyang'anywa nyumba kwa ushahidi wa nusunusu. Hoja yao ni kwamba mwizi wa kuku hafungwi mpaka kosa lithibitishwe bila kuacha shaka yoyote ya msingi, sasa iweje mtu apoteze nyumba aliyoijenga kwa kuwa upande wa pili umezidi kidogo tu? Hasira yao naielewa, ila hii sheria tunaionea.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya 1967 inasema kesi ya madai, hata ya ndoa, inaamuliwa kwa preponderance of probability, yaani anashinda yule ambaye maelezo yake yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Preponderance asili yake Kilatini, pondus ni uzito, na humohumo ndo ilikotoka pauni ya Waingereza, ya kupimia na ya pesa, halafu ile prae ya mwanzo ni kutangulia au kuzidi. Yaani tangu mwanzo neno linahusu sahani ya mizani iliyoshuka, na kinachoishusha ni uzito, sio wingi wa vitu. Watu wengi hapo ndo wanapopotea. Unaweza kuleta mashahidi kumi, ndugu watupu, wote wanasimulia kama wamekaririshwa, mwenzio akaleta mjumbe mmoja tu aliyekuwepo pesa zinahesabiwa na kile kikaratasi alichoandika kwa mkono wake siku hiyo, na akakushinda. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ilitamka kwenye kesi inayorejewa mpaka leo kwamba wadaawa, yaani pande mbili za kesi, hawawezi kutoka sare, mwenye ushahidi mzito kuliko mwenzie ndo anashinda, na kinachoangaliwa ni ubora wa ushahidi sio idadi ya mashahidi. Na ikitokea kweli pande zimelingana, anaanguka mwenye jukumu la kuthibitisha, Jaji Denning alishalisema hilo Uingereza mwaka 1947.

Sasa kwa nini kipimo kisipandishwe kiwe kama cha jinai? Kwenye jinai tumekubali bora wenye hatia waponyoke kuliko asiye na hatia kwenda jela. Kwenye kiwanja hakuna jela, kuna watu wawili na kila mmoja anasema ni changu, hakimu akikosea huku mmoja anaumia, akikosea kule mwingine anaumia vilevile. Ukipandisha kipimo makosa hayaishi, yanahamia yote kwa anayedai. Na huku kwetu anayedai mara nyingi ni nani? Ni mjane aliyefukuzwa na shemeji zake, ni mtu aliyenunua shamba kwa maandishi ya daftari mbele ya balozi wa nyumba kumi ambaye siku hizi ni marehemu. Huyo hata umpe miaka mingapi hawezi kuthibitisha bila kuacha shaka, na aliyevamia analijua hilo.

Hata kesi ya O.J. Simpson kule Marekani, yule mchezaji maarufu aliyeshtakiwa kumuua mkewe wa zamani na rafiki wa huyo mke, watu waliona kama mahakama imejipinga yenyewe, 1995 kaachiwa kwenye jinai, 1997 kwenye madai kaonekana anawajibika kwa vifo vilevile na fidia ikafika dola milioni 33.5. Haikujipinga, maswali yalikuwa mawili tofauti.

Wanaopinga wana sehemu moja wako sawa, nayo ni tuhuma za ulaghai. Kumwita mtu tapeli mahakamani sio sawa na kusema mpaka wa shamba unapita kwenye mwembe, jina lake linachafuka hata kama hafungwi. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililiona hilo tangu 1957, ikasema tuhuma za ulaghai kwenye kesi ya madai zinataka zaidi ya kuzidi kwa kawaida, japo sio mpaka kiwango cha jinai. Waingereza wao mwaka 2008 walishikilia kwamba madai yana kipimo kimoja tu, mimi kwenye hili nabaki na letu la 1957. Ila liishie kwenye ulaghai hukohuko, maana likitandazwa kwenye kesi zote za ardhi, aliyekalia kiwanja leo hatahitaji kuleta hata shahidi mmoja.