Tiva jike naye anaimba

Nyuma ya nyumba yetu kuna kichaka cha mchongoma, na tiva huanza humo kabla jua halijachomoza: kengele, mkwaruzo, kengele tena. Kwa miaka mingi nilidhani ni ndege mmoja. Asubuhi moja nikajikuta nimesimama kati ya kichaka na mwembe. Kengele ikalia kushoto, jibu likatoka kulia, wala hapakuwa na nafasi ya kuvuta pumzi kati yao. Kumbe ni wawili, dume na jike, wanapokezana.

Shuleni tulifundishwa kwamba kwa ndege dume ndiye mwimbaji, jike kazi yake kusikiliza na kuchagua. Hadi leo nawasikia waongoza watalii wakiwaeleza wageni hivyo hivyo, wakati mwingine tiva wakiitikiana palepale juu ya vichwa vyao. Kosa hili linaniuma, na nadhani najua lilikopata nguvu: kwenye misuli.

Ndege hatoi sauti kooni kama sisi. Chombo chake kiko kifuani, pale bomba la pumzi linapogawanyika kuelekea mapafu mawili. Wataalamu hukiita sirinksi. Kwa ndege waimbaji kila upande wa chombo hicho una misuli yake na unaweza kutoa sauti yake peke yake. Ni misuli ya ajabu. Inaweza kukaza na kulegea zaidi ya mara 200 kwa sekunde moja, kasi ambayo msuli wa mguu au wa mkono hauikaribii hata kidogo.

Sasa mchukue chiriku-pundamilia wa Australia, ndege mdogo kuliko shomoro, anayefugwa katika maabara nyingi duniani. Dume huimba. Jike haimbi, ana miito mifupi tu. Misuli ya sirinksi ya dume ni mizito kuliko ya jike, tena ina kasi zaidi. Mwaka 1976 Fernando Nottebohm na Arthur Arnold walionyesha kwamba hata sehemu za ubongo zinazoongoza wimbo ni kubwa zaidi kwa dume, kwa chiriku huyu na kwa kanari pia. Ilikuwa kazi kubwa na vipimo vyake sivipingi. Ninachopinga ni kilichofuata, yaani ndege wa kwenye vizimba kugeuzwa kuwa kanuni ya ndege wote.

Ilichukua muda mrefu watu kurudi kuhesabu. Mwaka 2014 Karan Odom na wenzake walipitia spishi 323 za ndege waimbaji, wakakuta majike huimba katika asilimia 71 kati ya hizo. Wakahitimisha pia kwamba mababu wa ndege hawa, wa kike na wa kiume, yaelekea wote waliimba. Kwa hiyo jike aliye kimya ndiye aliyeacha kitu alichokuwa nacho. Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako vitabu vingi viliandikwa, majike wengi wamenyamaza. Huku kwetu kwenye joto wengi bado wanaimba. Na si kwamba hawakusikika: William Thorpe wa Cambridge aliandika juu ya kupokezana kwa tiva tangu miaka ya 1960.

Hata ukubwa wa kiungo hausemi yote. Manfred Gahr na wenzake, mwaka 1998, walichunguza tiva wa kijivu anayepatikana Afrika Mashariki. Dume na jike wana nyimbo zinazokaribiana kwa idadi, lakini sehemu za ubongo za wimbo bado zilikuwa kubwa zaidi kwa dume. Angekuwa amepimwa kwa rula tu, jike yule angehesabiwa kuwa hajui kuimba.

Halafu kuna suala la mazoezi. Homoni za kiume huijenga misuli ya sirinksi, hilo halina ubishi. Lakini utafiti uliotoka mwaka 2023, wa akina Coen Elemans huko Odense, Denmark, ulionyesha kwamba chiriku-pundamilia dume akizuiwa kuimba, misuli yake hubadilika ndani ya siku chache na wimbo nao hubadilika. Majike walipochezewa nyimbo hizo walipendelea za madume waliofanya mazoezi. Basi tunapoweka msuli wa dume kwenye mizani, sehemu ya tunachopima ni kazi ya kila siku.

Laiti waongoza watalii wetu wangewapeleka wageni kwenye majaruba na matete ya Usangu, kusini mwa Tanzania, wakati wa mvua. Huko kuna tipitipi mweusi, ambaye Wolfgang Goymann na wenzake wamemfuatilia kwa miaka. Jike ni mkubwa kuliko dume kwa mbali, anaweza kuwa na waume kadhaa, na yeye ndiye anayelinda eneo kwa sauti yake nzito. Jike mwingine akiingia, huishusha sauti hiyo iwe nzito zaidi. Dume yuko chini kwenye nyasi, amelalia mayai.