Niangalie Ninapoongea na Wewe

Mwezi wa pili baada ya mwanangu Lusajo kuanza shule hapa Newcastle, Uingereza, mwalimu wake aliniomba nibaki kidogo nilipokwenda kumchukua. Tukakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakakaribia kifua. Mwalimu ni binti mdogo, sauti yake ya upole. Akaniambia mtoto anasoma vizuri, hesabu anaziweza, wenzake wanampenda. Kisha akasita.

"Ila haniangalii. Nikimwuliza swali anatazama sakafu. Nikimrekebisha anatazama sakafu. Na nyumbani yuko hivyo?"

Aliuliza kwa wema, na mpaka leo sina neno baya juu yake. Lakini mkononi alishika fomu ya kumwombea mwanangu uchunguzi wa usonji, hali ya ukuaji wa ubongo ambayo Waingereza huiita autism. Nilitaka kumjibu, nikajikuta nami nimeinamisha macho, natazama sakafu ileile.

Lusajo alilelewa na mama yangu Tukuyu, mkoani Mbeya, Tanzania, hadi alipofika miaka sita, mimi nikiwa huku nahangaikia karatasi za kumleta. Kila asubuhi alikwenda kwa bibi yake, akainama kidogo, macho chini, "Shikamoo bibi." Kwetu Unyakyusani mtoto anayemkazia mtu mzima macho huitwa mwenye macho makavu. Akikaripiwa huku bado anatazama, makosa yanakuwa mawili. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa anampa mwalimu wake heshima yote aliyofundishwa, hakubakiza hata kidogo, na heshima ile ikaandikwa kwenye karatasi kama dalili ya usonji.

Sidharau ile fomu. Mwaka 2013 Warren Jones na Ami Klin wa Marekani walitoa utafiti uliofuatilia watoto tangu wakiwa wachanga. Wale waliokuja kugundulika wana usonji walianza kupunguza kutazama macho ya watu kati ya umri wa miezi miwili na miezi sita. Mwalimu anayeona mtoto anakwepa macho akauliza, anafanya kazi yake. Lakini Lusajo akiwa na wenzake huwatazama, na mimi hunikodolea macho mpaka nimpe anachotaka. Yanayoshuka chini ni macho yake mbele ya mkubwa tu. Nilimweleza mwalimu hivyo, akanisikiliza, fomu ikawekwa pembeni.

Mimi nikabaki na dukuduku. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na zamu za usiku zina saa nyingi za kimya. Nikaanza kusoma kila nilichokipata juu ya macho na namna watu wanavyotazamana.

Kwanza niligundua kwamba hakuna anayezaliwa na macho ya aibu. Mwaka 2002 Teresa Farroni na wenzake waliwaonyesha watoto wa siku 2 hadi 5 picha za uso, moja ikiwatazama, nyingine ikitazama pembeni. Vichanga vile, visivyojua hata mchana na usiku, vilitazama zaidi uso uliowatazama. Kwa hiyo Lusajo alizaliwa anatafuta macho ya watu kama mtoto yeyote wa Newcastle. Yaliyofuata alifundishwa. Hata hapa karibu yetu, kwa Wagusii wa Kenya, mwanaanthropolojia Robert LeVine alikuta akina mama wanaobeba watoto wao, wanaowanyamazisha mara tu wanapolia, lakini hawatazamani nao macho kwa macho kwa muda mrefu. Mgeni angesema mama hawa hawana mapenzi, na angekuwa amekosea vibaya.

Utafiti mwingine uliolinganisha watu wa Japani na wa Ufini ulinigusa zaidi. Mtu anapotazamwa moja kwa moja, mapigo ya moyo hupungua kidogo, kwa kuwa mwili unatega umakini. Hilo lilitokea kwa Wajapani na kwa Wafini vilevile. Lakini walipoulizwa wanauonaje uso unaowatazama, Wajapani ndio walioona zaidi kwamba una hasira na haukaribishi. Moyo umefanya kitu kimoja, maana iliyotolewa ni mbili. Nilipolisoma hilo nikamkumbuka baba yangu. Alikuwa akitaka kutukemea bila maneno, anatutazama tu.

Sasa nije kwenye uongo, maana hapa ndipo nilipo na hasira.

Mwaka 2006 watafiti walioongozwa na Charles Bond walichapisha matokeo ya swali moja lililoulizwa katika nchi 58: utajuaje mtu anadanganya? Karibu theluthi mbili ya waliojibu walitaja jambo lilelile, kwamba mwongo hakuangalii machoni. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, Bella DePaulo na wenzake walikuwa wamekusanya tafiti nyingi zilizopima waongo na wasema kweli wanavyofanya hasa, na kukwepa macho hakukuonekana kuwa dalili ya kutegemewa. Dunia imeshikilia imani moja, na imani yenyewe haina msingi.

Wenzangu mlioko nyumbani msidhani nawasema Wazungu. Nikiwa darasa la tano, katika shule ambayo sitaitaja, hela za mchango zilipotea kwenye dawati la mwalimu. Tukapangwa mstari. Mwalimu akapita anamwinua kila mmoja kidevu: "Niangalie machoni useme kweli." Mimi nilishindwa. Nyumbani nimefundishwa nisimtazame mkubwa akiwa na hasira, ningeanzaje siku ile? Nikala viboko sita kwa hela ambazo sikuwahi kuziona. Na wiki hiyohiyo mwenzetu mmoja aliongezewa viboko kwa sababu alimtazama mwalimu huku anachapwa, wakasema ana kiburi. Nataka mzazi yeyote anayesoma hapa alifikirie hilo. Tunawafundisha watoto wainamishe macho, halafu siku ya shida tunawapiga kwa kuinamisha.

Kuna jambo lingine ambalo natamani kila mwalimu wa Rungwe, wilaya yetu, na wa Newcastle alijue. Gwyneth Doherty-Sneddon na Fiona Phelps, waliofanya kazi yao Uskochi, hapo juu tu ya tunapoishi, walichunguza watoto wanapojibu maswali. Swali likiwa gumu, mtoto anageuza macho pembeni, na jinsi linavyozidi ugumu ndivyo anavyozidi kugeuza. Mwaka 2006 wakaeleza kwamba watoto wa miaka 5 waliozoeshwa kutazama pembeni wakati wa kufikiri walijibu vizuri zaidi. Sababu yake inaeleweka. Uso wa mtu ni mzigo kwa akili. Kuna macho ya kuyasoma, mdomo, hasira au furaha, na akili haiachi kuvisoma hata ukiiomba. Watafiti wawili wa Kyoto walionyesha jambo la aina hiyo kwa watu wazima mwaka 2016. Mtu anayetafuta neno gumu kichwani huku anatazamana na uso huchelewa kulipata. Mtoto anayeambiwa "niangalie halafu unijibu" amepewa ndoo mbili kwa kichwa kimoja.

Nilimpelekea mwalimu wa Lusajo habari hii. Alifurahi kweli. Siku hizi huwaambia darasa zima, tazameni dirishani mfikiri, kisha mniambie.

Maisha ya huku yana mgongano wake ambao ulinichukua miaka kuuzoea. Ofisini wanataka uwatazame, usipotazama unaficha kitu. Lakini panda treni ya Metro asubuhi, watu arobaini wamekaa uso kwa uso na hakuna jicho linalokutana na jingine. Ukimtazama mtu hata kidogo anahama kiti. Kwetu ni kinyume. Ukiingia kwenye basi dogo la Coaster pale Uyole, Mbeya, watu wote wanageuka kukuangalia, wanakusalimu, wanajua umebeba nini na unashuka wapi. Mgeni tunamtazama mpaka tushibe, mkubwa wetu ndiye tusiyemtazama. Pale makumbusho ya sayansi London watafiti waliwapima watu karibu 500 waone wanapenda kutazamwa kwa muda gani, wastani ukawa sekunde 3.3. Nilipolisoma nilihesabu taratibu, moja, mbili, tatu. Ni muda wa kusema "Mwagonile", salamu yetu ya Kinyakyusa, na kuitikiwa. Katika upweke wa ile treni mimi hukosa hata hizo tatu, na hilo ndilo jambo ninalolilia zaidi nikiwaza nyumbani.

Mwaka jana mwezi wa saba tulirudi. Tulitua uwanja wa ndege wa Songwe, tukapita Uyole, tukapanda milima na baridi na ukungu wake mpaka Tukuyu. Lusajo ana miaka tisa sasa, na shule imeshamzoesha. Baba yangu mkubwa alipokuja kutusalimu, mtoto akasimama wima, akamtazama usoni, akatabasamu, "Shikamoo babu." Mzee alichelewa kuitikia. Alipoitikia, akanigeukia mimi: "Mama Lusajo, mtoto mmemharibu. Macho makavu hivi?"

Mtoto huyohuyo na macho hayohayo, huku alionekana ana usonji, kule akaonekana hana adabu. Mara zote mbili alikuwa anajitahidi kuwa mtoto mwema.

Sisemi kila desturi yetu ya macho ibaki ilivyo. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi mke alivyotakiwa kumkwepa baba mkwe wake kabisa. Mama yangu alikuta mabaki ya desturi hiyo alipoolewa. Akisikia kikohozi cha babu njiani, aliingia migombani na ndoo yake ya maji kichwani mpaka mzee apite. Anasimulia kwa utulivu, lakini mimi nauona ule utelezi wa mvua, ndoo, na mimba ya miezi minane. Hiyo siwezi kuiita heshima. Kuna kuinamisha macho kwa upendo, na kuna kuinamishwa.

Safari ile nilimkuta mama macho yamekuwa mekundu. Amepikia kuni maisha yake yote, kwenye jiko la nje lenye kidirisha kimoja, na Rungwe mvua hainyeshi kwa msimu mmoja ukaisha, kwa hiyo kuni nyingi ni mbichi na moshi wake mzito. Moshi wa kuni unachoma macho, na kukaa nao miaka mingi kunaongeza hatari ya mtoto wa jicho. Hayo mtaalamu yeyote wa macho atakwambia. Lakini jioni moja mtoto wa jirani alikuja kuleta ndizi, akamwona mama mlangoni, akatua mkungu chini akakimbia. Nilimfuata nikamwuliza kwa upole amekimbia nini. Akasema, "Macho ya bibi."

Usiku ule sikulala. Sote tunajua yaliyowapata vikongwe Kanda ya Ziwa, wanawake waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, wakaitwa wachawi, na wekundu wenyewe ulikuwa wa moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kuni walizopikia watoto na wajukuu zao. Watu walitazama macho ya mama aliyewalisha wakasoma uchawi. Nanyi mnajua kwamba minong'ono ya aina hiyo Nyanda za Juu haijaisha. Mwalimu wangu wa darasa la tano alisoma wizi kwenye macho yangu, binti yule wa Newcastle akasoma usonji kwa mwanangu, baba mkubwa akasoma utovu wa adabu. Kwa mama yangu usomaji huohuo unaweza kuleta mauti.

Asubuhi nilikwenda kwa mzazi wa mtoto yule. Tuliongea kwa muda mrefu, nikamleta jikoni kwetu, nikawasha kuni mbichi, tukakaa wote wawili humo ndani. Haikupita robo saa macho yangu na yake yalikuwa kama ya mama. Alinyamaza, kisha akaenda kumwita mwanawe aje aone.

Nilimnunulia mama mtungi wa gesi na jiko kabla ya kuondoka. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, nami naomba wasichelewe. Chai anapikia gesi. Maharage bado ni kuni, anasema gesi itaisha kabla hayajaiva, na kuijaza mpaka mtu atumwe mjini. Sina jibu la hilo zaidi ya kutuma hela ya kujazia.

Jumapili jioni huwa tunampigia kwa video, mdogo wangu akimshikia simu. Kamera ya simu iko juu ya kioo, kwa hiyo ukimtazama mwenzako machoni, yeye anakuona umeangalia chini. Lusajo aligundua mwenyewe. Alijaribu kuitazama kamera ili bibi aone anatazamwa, akaacha, akasema akifanya hivyo hamwoni bibi. Jumapili iliyopita alikuwa anamsimulia juu ya theluji, na mama anajibu "Ndaga, ndaga fijo", yaani asante, asante sana, kila baada ya sentensi, ingawa theluji hajawahi kuiona. Nikachungulia nyuma ya bega la mwanangu. Kwenye kile kidirisha kidogo cha pembeni Lusajo ameinamisha macho, na kwenye kioo kikubwa bibi yake ameinamisha macho, na kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake.