Siku sabufa ilipoanika siri za kikoba

Hapa nyumbani Tabata mi nahesabika kama mtu asiye na kazi. Nasoma masta onlaini ya chuo kimoja cha Marekani na semista hii tuna somo la mwingiliano wa binadamu na kompyuta, yani unasomea kwanini watu wanabonyeza wanachobonyeza na kwanini mashine zinawatesa. Asaimenti zinafungwa saa sita kasoro dakika moja usiku wa kule, ambayo kwetu miezi hii ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi, kwa hiyo mama mkubwa akiamka kufagia uwanja ananikuta nimekodolea laptopu macho mekundu, bando limebaki la kuombea dua. Anatingisha kichwa. "Mwanangu, hiyo shule ina walimu kweli, au ni wale wa ile hela itume kwenye namba hii?"

Sasa ikaja asaimenti ya kujaribu protaipu, yani mfano wa awali wa mfumo, kwa watu halisi kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu. Kuna njia inaitwa Mchawi wa Oz, iko tangu mwanzoni mwa miaka ya 80 pale John Kelley alipoitumia kujaribu programu ya kalenda ya kuongea nayo kwa lugha ya kawaida. Mshiriki anadhani anaongea na mashine, kumbe kuna mtu kajificha mahali anajibu, huyo ndo mchawi. Wazo langu lilikuwa msaidizi wa kikoba: mwanachama anatuma meseji kuuliza hisa zake, mkopo, marejesho, mfuko wa jamii, anajibiwa hapo hapo bila kumsubiri mweka hazina afungue daftari. Nikanunua laini mpya, nikaifungulia WhatsApp, picha ya roboti, jina Msaidizi Kikoba. Mashine ni mimi chumbani na laptopu, majibu yameandikwa kwenye karatasi nimebandika ukutani.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa haya mambo, anasema watu watano wanatosha kukuonyesha matatizo mengi ya mfumo wako. Wanne niliwapata chapchap, bodaboda wawili, mwenye duka na mdogo wake. Wa tano akawa mama mkubwa, ambaye ndo mweka hazina mwenyewe. Tukapanga Jumamosi saa kumi jioni maana saa kumi na moja kikoba kinakaa sebuleni kwetu, na kule Marekani ilikuwa saa mbili asubuhi, mwenzangu wa grupu akaingia Zoom na kikombe chake cha kahawa kuandika noti. Kiswahili hajui hata salamu ila tulikubaliana ataangalia sura na vidole. Simu ya kurekodi nikaisimamisha juu ya kabati katikati ya glasi za wageni.

Sheria ya kwanza ya jaribio ni mshiriki aseme kwa sauti kila anachowaza. Nikamwambia mama mkubwa, akakubali, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Bas akaanza kuwaza. Aliwaza maharage yaliyoko jikoni, akawaza kwanini roboti hana nguo, akawaza nani kahamisha stuli. Afu kimya.

"Hii mashine yako haina adabu. Haijaniamkia."

Kwenye karatasi yangu hakukuwa na shikamoo. Nikaandika "Shikamoo mama." Nikamsikia sebuleni, "Marahaba baba, hujambo?" na akaituma hiyo hiyo. Nikajibu sijambo. Akauliza na nyumbani. Mwenzangu wa kahawa ananitumia ujumbe pembeni, vipi mbona jukumu la kwanza halijaanza, we ndugu utamwelezea nini.

Ila kuna kitu nilikuwa sijakifikiria. WhatsApp inaonyesha mtu akiandika. "Anaandika," mama mkubwa akasema kwa sauti kama alivyoelekezwa. "Anaandika... ameacha... anaandika tena. Huyu roboti naye hajui cha kusema kama binadamu."

Jukumu la kwanza, kuuliza hisa, lilienda vizuri. La pili, mfuko wa jamii, vizuri. Kabla ya la tatu akasogea hadi mlangoni kwangu, akagonga. "We, toka nje kidogo, nenda hata dukani. Nina maongezi na hii kitu."

Hapo nusura nipige kelele za furaha. Mwaka 1966 pale MIT, chuo cha Marekani, Joseph Weizenbaum alitoa programu inaitwa ELIZA ya kujifanya daktari wa kusikiliza watu, na sekretari wake, aliyekuwa anaona kila siku jamaa akiitengeneza na anajua fika ni programu tu, baada ya kuandikiana nayo kidogo akamwomba atoke ofisini. Miaka yote hiyo kila anayesoma haya mambo anahadithiwa hicho kisa na mimi kimenitokea Tabata! Nikatoka kwa mbwembwe mlango wa uani, nikazunguka, nikaingia chumbani kupitia dirishani. Usicheke, lile dirisha halina nondo.

Nakuta voisi. Dakika nzima na kitu. Nikabonyeza, kwenye iafoni kimya.

Hapa lazima niwaeleze kilichokuwa kinaendelea ingawa mi mwenyewe nimekuja kukijua baadaye kwenye rekodi. Iafoni zangu zisizo na waya zilikuwa zimeisha chaji. Dakika hiyo hiyo binti wa mama mkubwa akawasha sabufa ya sebuleni ili ipige mziki wanachama wakianza kufika. Laptopu yangu inaijua ile sabufa kwa Bluetooth toka sikukuu, ikaikimbilia yenyewe. Kati ya zile kanuni 10 za Nielsen za mfumo rahisi kutumia, za mwaka 1994, ya kwanza kabisa ni kwamba mfumo umjulishe mtumiaji nini kinaendelea. Na mfumo ulijulisha! Sabufa ilitangaza kwa sauti ya yule dada wa Kichina kwamba imeunganishwa. Ila ilimtangazia nani, sebule. Mimi mtumiaji chumbani nimeletewa kialama kwenye kona ya skrini kidogo kuliko punje ya mchele.

Na kingine, Mwenyekiti wa kikoba alishafika. Kwenye rekodi anaonekana anapiga hodi, anavua viatu, mama mkubwa anamwekea kidole mdomoni na kumwonyesha simu juu ya kabati, tunarekodiwa. Mwenyekiti akakaa kwenye sofa kwa heshima zote, akanyoosha dera lake, akaiangalia kamera.

Sabufa: "Sasa nakuuliza wewe kwa vile huna mdomo wa kwenda kusema."

Mi chumbani nasikia kama kuna redio kwa jirani, sikujali. Nikaona labda voisi imegoma, nikarudisha mwanzo. Sabufa: "Sasa nakuuliza wewe kwa vile huna mdomo wa kwenda kusema." Nikapandisha sauti hadi mwisho, nikarudisha tena. Mara ya tatu ikaenda na besi yake yote.

"Sasa nakuuliza wewe kwa vile huna mdomo wa kwenda kusema. Mwenyekiti wetu kakopa laki tano toka mwezi wa tisa, marejesho kaleta mara mbili, ukimdai anakwambia mambo yamebana, ila kila Jumamosi dera jipya. Na faini ya kuchelewa anatupiga sisi. Niandikie hapo, na riba yake, anadaiwa shilingi ngapi."

Jukumu la tatu lilikuwa kuuliza deni la mwanachama aliyechelewa marejesho. Mwanachama wa kufikirika. Mwenzangu Marekani akaweka tiki, imekamilika bila msaada.

"Si mimi!" mama mkubwa karuka. "Ni mashine!"

"Mashine ina sauti yako," Mwenyekiti anasema taratibu. "Ina hadi kikohozi chako."

Nikatoka chumbani, mama mkubwa ananiangalia, anaangalia mlango wa uani niliotokea, anaangalia mlango wa chumbani nilikojitokeza. Na maadili ya utafiti yanakutaka jaribio likiisha umwambie mshiriki ukweli, nikaanza, mama samahani, ile mashine kwa kweli ilikuwa ni... "Ni nani?" Mwenyekiti kadakia. Binti kafa kwa kicheko nyuma ya pazia. Hapo mwenzangu wa kahawa, ambaye kwenye noti zake kaandika mshiriki ana mwamko mkubwa, akawasha maiki kwa upole akaomba niulize swali la mwisho la fomu, kuanzia moja hadi tano ameridhika kiasi gani na mfumo. Nikatafsiri huku miguu inatetemeka. Akajibu Mwenyekiti.

"Sifuri."

Kwenye fomu sifuri haipo.

Kikao cha siku hiyo kilichelewa, lile sanduku la hela la kufuli tatu lilikaa mezani na washika funguo hawaongeleshani, ila kabla hawajatawanyika Mwenyekiti alitoa laki mbili taslimu akazihesabu mbele ya watu, noti moja moja, kwa sauti, akiwa ameelekea kwenye sabufa.

Ripoti nilipata maksi za wastani, mwalimu ameandika kwamba mchawi alitoka nje ya majibu yaliyopangwa, hasa kwenye salamu. Sawa.

Shida ni ile laini. Mama mkubwa anajua ni mimi. Niko hapa sebuleni, yeye pale na sahani yake ya ubwabwa, badala ya kuniuliza anaandika kwa Msaidizi Kikoba, na nikimjibu kwa mdomo ananiambia nyamaza wewe, nimeuliza mashine. Namba kaigawa kikoba kizima. Saa kumi na moja alfajiri zinaingia "hujambo" za watu nisiowajua, na nisipoamkia nasemwa. Mwenyekiti naye kaanza, jana usiku kaniletea voisi ya dakika tatu, anataka kujua kama mashine yenyewe inakopesha.