Mama Mkwe na Hundi Isiyo na Tundu

Mama mkwe wangu alikuwa keshia wa chama cha ushirika mkoani Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na alipokuja kututembelea hapa Reno, jimbo la Nevada, ukeshia wake alikuja nao.

Mimi hukusanya hundi za kale za kampuni za migodi na mbao zilizoshamiri huku baada ya madini ya fedha kugunduliwa Comstock mwaka 1859. Wakusanyaji wengi hukimbilia hundi za migodi, lakini moyo wangu uko kwa watu wa mbao, kwa kuwa mahandaki ya Virginia City, mji wa migodi hiyo ya Comstock, yalizuiwa yasiporomoke kwa fremu za miti mizito, na misitu ya kandokando ya ziwa Tahoe ilifyekwa kuyalisha, shehena ikiteremshwa milimani kwa mifereji ya mbao iliyojaa maji. Hundi nyingi za wakati huo zina stempu ya ushuru ya senti 2, kodi iliyoanza mwaka 1862 kugharimia vita vya wenyewe kwa wenyewe na kufutwa mwaka 1883. Benki ikishalipa, mara nyingi iliitoboa au kuichana hundi ili isirudi tena dirishani.

Balaa lilianzia kwenye matundu hayo. Mama alipekua albamu yangu ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza, "Baba Zuhura, hii ya mwaka 1876 mbona haina tundu?"

Nilimweleza kwa majivuno kwamba ndiyo maana naipenda. Ilikuwa ya dola 48, ikiamuru alipwe mkata miti mmoja au yeyote atakayeileta.

"Basi haijalipwa," akasema. Nikacheka, nikaenda kazini.

Kabla ya adhuhuri nilipigiwa simu na meneja wa benki ya mtaani kwetu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa. Nilimkuta mama ameketi mbele ya meza yake, mtandio begani, hundi mkononi, na binti yangu Zuhura pembeni akitafsiri kwa furaha isiyofaa. Meneja alikuwa ameeleza kwamba benki za Marekani hazilazimiki kulipa hundi iliyopitisha miezi sita. Mama akajibu kuwa kutolazimika si kukatazwa, jambo ambalo, kwa masikitiko yangu, ni kweli. Alipoambiwa kwamba benki iliyotajwa pale ilikufa zamani, aliuliza ni nani aliyerithi madeni yake, akafungua mkoba na kutoa karatasi mbili za hesabu ya riba.

"Shikamoo mama," nikasema. "Naomba hundi yangu, twende nyumbani."

"Marahaba, mwanangu. Yako kwa vipi?" Akaweka kidole juu ya maandishi. "Hapa pameandikwa alipwe atakayeileta. Ni nani aliyeileta?"

Nilimgeukia meneja aninusuru. Aliisoma tena hundi, akavua miwani, akasema kwamba bibi ana hoja.

Mke wangu alikataa kata kata kuingia katika kesi ya mama yake. Hundi ilisafiri kwenda Tanga ndani ya bahasha, chini ya vitenge, na pale uwanja wa ndege mama alinifariji kwamba nisiwe na wasiwasi, kwa kuwa kule kwao makeshia husoma hundi mpaka mwisho.