Mtoto anayesikia sauti: tiba ya maongezi au subira?

Katika vihamba vya Kibosho mkoani Kilimanjaro, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, ambako kaburi la baba huwa hatua chache kutoka mlangoni, mtoto anayesema kwamba usiku humsikia marehemu akimwita hapelekwi hospitali upesi. Huombewa kwanza, au huambiwa anyamaze alale. Watetezi wa tiba ya kisaikolojia huona hapo muda unapotea, ilhali wapinzani huuliza kama upo ugonjwa wowote.

Takwimu zinawabeba wapinzani kwa kiasi. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta takribani asilimia 17 ya watoto wa miaka 9 hadi 12 wakieleza mambo ya namna hiyo, na asilimia 7.5 tu kwa wenye miaka 13 hadi 18, dalili kwamba wengi huachana nayo wakikua. Kuna pia hofu ya jina: mtaani, neno "kichaa" hudumu kuliko sauti yenyewe.

Hata hivyo, hoja hiyo huitazama sauti na kumsahau mtoto. Tiba ya maongezi hailengi lazima kuizima sauti. Mtaalamu huuliza inakuja lini, mtoto anaielewaje, analalaje, nani anamwonea shuleni, kisha hutafuta pamoja naye maelezo yasiyotisha. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 hupendekeza njia hiyo, si dawa, kwa watoto wenye dalili za awali za ugonjwa wa akili ambao bado hawajaugua.

Kwetu swali gumu ni nani aifanye. Utafiti uliofanyika Moshi na Bungoma nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2020, uliwahusu watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi, nusu yao wakipewa tiba ya maongezi na wanasihi wasio wataalamu wa afya ya akili, nusu wakipata huduma za kawaida. Ulipima majeraha ya msiba, si sauti. Kenya, waliopata tiba hiyo walibaki na nafuu kubwa kuliko wenzao hata baada ya mwaka. Upande wa Tanzania, waliopata huduma za kawaida walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana na ya wenzao, jambo ambalo watetezi hawapendi kulitaja.

Kwa maoni yangu, kipimo kiwe dhiki. Mtoto anayemsikia baba yake na bado anacheza, anakula na kusoma, aachiwe bibi yake na maombi yao. Asiyelala, anayetoroka shule kwa woga, mwalimu wa malezi amfikishe kwa mtaalamu, na maombi yaendelee vilevile.