Paja la mbuzi, mvua ya Uluguru na kisu changu cha elfu hamsini na tano

Yaani kwenye listi ya vitu vya safari mimi niliandikiwa neno moja tu. Kisu. Wenzangu walipewa mambo mazito, huyu mahema, huyu sufuria na mkaa, dada wa masjala mikate na viungo, jamaa tunayemwita Mangi akakabidhiwa hela ya nyama, mimi kisu basi. Mtu mwenye akili zake angefungua droo ya jikoni achukue kisu aendelee na maisha yake. Mimi nilichukua wiki tatu.

Safari yenyewe ilikuwa Morningside, pale juu ya Morogoro mjini kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani ubavuni mwa Uluguru, tupande wikiendi ya Pasaka, tulale usiku mmoja tushuke. Siyo Kilimanjaro jamani. Ni njia ambayo wamama wa huko wanashuka nayo na ndizi na mboga kwenda sokoni. Ila mimi nilishaangalia video za Wazungu wanaojenga kibanda msituni kwa kisu tu, kwa hiyo kichwani nilikuwa najiona nimepotea siku nne nakunywa umande.

Usiku watu wamelala mimi niko na simu. Nikawa profesa. Nikajua kwamba askari wa Uswisi walianza kupewa visu vyao vya kukunja mwaka 1891 na zile za mwanzo kabisa zilitengenezwa Solingen, Ujerumani, maana Uswisi kwenyewe walikuwa bado hawawezi kutengeneza nyingi kiasi hicho. Nikamwamsha mama watoto nimwambie. Akasema, "Sasa luku imebaki yuniti tatu, hao Waswisi wanatusaidiaje?"

Nikahamia kwenye loki. Wadau, kisu cha kukunja ni loki. Kuna vile vya springi tu, havina loki, ukikandamiza vibaya bapa linakurudia vidoleni. Kuna vyenye kibamba chembamba ndani ya mpini, ukifungua kinajisogeza chenyewe nyuma ya bapa kinalizuia lisirudi. Afu kuna vya pete, mtindo wa Kifaransa huo, mpini wa mti na shingoni kuna pete ya chuma, unafungua kisu unazungusha pete, bapa haliendi popote hata uje na tingatinga. Hiyo ya pete ndo ikaniiba moyo. Kumbuka hiyo pete, tutakutana nayo mbele.

Jumamosi nikaingia Kariakoo. Kijana akanitolea dude jeusi limechorwa fuvu, ukibonyeza linafyatuka lenyewe paa, lina filimbi, lina tochi, lina kipande cha kuwashia moto, lina dira. "Bro hiki ndo wanachotumia makomandoo." Nikakishika, bapa linacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Dira nayo kila nikigeuka inaonyesha Mbagala. Nikamwambia hapana kaka, natafuta chuma cha kaboni, ugumu wa Rockwell 56 kwenda juu. Akaniangalia kwa huruma, akamwita mteja mwingine.

Nikaja kukipata Karume, kwa mzee mmoja anayeuza vikorokoro vya mtumba, spana, vijiko, rimoti za tivii ambazo tivii zake zilishakufa. Kilikuwa chini ya rimoti. Mpini wa mti umeng'aa kwa mikono ya watu, pete ipo, bapa la kaboni limepauka rangi ya bluu bluu hivi, refu kama kidole cha kati. Akaanzia themanini. Nikamaliza hamsini na tano na nikajiona nimemwibia.

Sasa chuma cha kaboni kinanoleka vizuri sana ila ukikikoholea tu kimeshika kutu, siyo kama hizi stenlesi zilizotiwa kromiamu. Hilo nililijua. Kwa hiyo bapa nikawa nalipaka mafuta kila jioni kama mtoto mchanga. Mpini sikuupaka kitu, mpini ni mti tu, nani anaogopa mti.

Mnoa visu wa mtaani akapita na baiskeli yake, ile anaipandisha stendi anapiga pedali jiwe linazunguka cheche zinaruka, nikampelekea aone mali. Akakifungua, akakikunja, akanirudishia. "Bosi, hiki si kimeshavunjika? Wameweka tu msumari katikati." Nikacheka kwa dharau ya mtu aliyesoma. Nikakinoa mwenyewe, na ukinoa kisu lazima ukijaribu, na kipimo kinachokubalika ni kunyoa nywele za mkono, basi kila nikinoa nanyoa, kufika siku ya safari mkono wa kushoto una kipara kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Mama watoto akaniuliza kama nimeanza kunyonyoka.

Stendi ya Mbezi, alfajiri, tunakunywa chai kwa mama ntilie. Dada wa masjala akafungua begi kupanga mikate, nikaona kisu. Kisu cha jikoni, mpini wa plastiki ya kijani, vile vya elfu mbili.

"Dada, hicho cha nini?"

"Cha akiba kaka yangu."

"Hicho ni cha vitunguu. Tunaenda msituni."

Nilimhutubia pale mbele ya watu mpaka akaona aibu, akampa mama ntilie, na mama yule akakipokea kama zawadi ya Idi. Wengine wawili walikuwa na vya kwao nyumbani, nikawa nilishawaambia kabla kwamba wasibebe mzigo wa bure. Watu sita, kisu kimoja. Changu.

Haikutosha. Morogoro sokoni Mangi kachagua paja la mbuzi, zuri kweli, muuza nyama kanyanyua panga lake anauliza nikate vipande vya mchuzi au vya mishikaki? Kabla Mangi hajafungua mdomo nikadakia, "Usikate. Tuna kisu." Nikapigapiga kifuani, maana nilikuwa nimekining'iniza shingoni kwa kamba kama beji ya mwenyekiti. Muuza nyama akaangalia paja, akaangalia kifua changu, akasema haya bosi.

Mvua ikatukuta hata hatujafika mbali. Mto Ruvu unaotupa maji sisi watu wa Dar unaanzia huko huko Uluguru, na siku ile nadhani maji yote yalikuwa yanatumwa Dar kwa kupitia mgongoni mwangu. Zaidi ya saa tatu tunapanda kwenye utelezi, mimi na buti zangu za laki na ishirini nimeanguka mara nne, na wamama wanatupita wana tenga la ndizi kichwani, pekupeku, wanapiga stori. Kisu kinaning'inia nje ya koti, kinakula mvua kama kawaida. Nikawa nakipangusa bapa tu, tena kwa nje, kwenye ule mgongo unaochungulia.

Tumefika, mvua imepungua, mahema yamesimama kwa shida, moto umewaka kwa shida zaidi, njaa imeshika watu hakuna anayeongea. Mangi akanyanyua paja akalilaza juu ya mfuniko wa sufuria. "Mzee wa kisu, njoo."

Sauti hiyo niliisubiri wiki tatu. Nikasogea taratibu, nikakivua shingoni, nikatia ukucha kwenye kile kimfereji cha kufungulia, nikavuta.

Kimya.

Nikavuta tena. Ukucha ukakatika mpaka kwenye nyama. Nikabadilisha kidole, huo nao ukaenda. Watu wananiangalia. Nikasema ngoja kidogo pete itakuwa imefunga, nikacheki pete iko wazi kabisa, tatizo ni bapa limebanwa na mpini kama limemwagiwa zege. Mangi akakichukua, mtu wa mazoezi yule, akakunja sura mpaka mishipa ya shingo ikatoka, hola. Nikasema nipe nivute kwa meno. Dada wa masjala, ambaye toka Mbezi alikuwa hajanisemesha, akasema, "Kaka usitumie meno. Bima yetu ya ofisi meno haimo."

Akanyamaza kidogo. "Na kisu changu saa hizi kinakata vitunguu Mbezi."

Nikapata wazo la kukikausha motoni. Hili sitaki kulieleza sana. Mpini ukaanza kutoa moshi na harufu ya udi wa bei rahisi, upande mmoja ukawa mweusi, kikazidi kubana.

Basi wakaamua paja lichomwe zima. Baada ya saa nzima nje ni mkaa mtupu, ndani mbuzi bado anasema mee. Na hatuna cha kukatia, kwa hiyo watu wazima sita wenye digrii zao tukakaa kuzunguka moto tunapokezana paja la mbuzi, unang'ata ulipoiva, unampa mwenzio, kama hindi la kuchoma. Nilipofikiwa mimi walilirusha, yaani hawakunipa mkononi.

Ndo bibi akatokea. Anapandisha kwenda kwake, mzigo wa kuni kichwani, khanga moja kiunoni moja begani, amelowa hana habari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mbona mnang'ang'ania mfupa kama mbwa?"

Mangi akamweleza yote, hakuacha kitu. Bibi akatua kuni, akapeleka mkono kiunoni kwenye khanga akatoa kisu. Naomba nikielezee kile kisu kwa sababu usiku kucha nilikifikiria. Kipande cha msumeno uliokatika, ukikiangalia mgongoni meno ya msumeno bado yanaonekana kwa mbali, kimenolewa kwenye jiwe mpaka makali yamekuwa meupe, na mpini wake ni vipande viwili vya mti vilivyozungushiwa tyubu ya baiskeli, raundi kama ishirini, imekaza. Hakina loki. Hakikunjwi. Alipitisha mara tatu kwenye goti la mbuzi pale panapoungana, paja likawa vipande viwili, akaendelea vyuu vyuu vyuu, dakika tano nyama yote iko kwenye sufuria na mfupa kampa Mangi.

Afu akanyoosha mkono. "Hebu nione chako."

Nikampa. Akakigeuza, akakinusa pale palipoungua, akaanza kucheka, kicheko cha kukaa chini.

"Mjukuu wangu, mti umekunywa maji. Sisi mpini wa jembe ukilegea tunauloweka mtoni ndo ukaze. Wewe umeloweka kisu!"

Akageuka kwenye jiwe, akakishika kichwa juu, akagonga kitako cha mpini kwenye jiwe, tok, mara moja. Bapa likachungulia. Akagonga tena, tok, likatoka nusu. Akanirudishia, akachukua vipande vyake viwili vya nyama alivyopewa, akabeba kuni, kicheko tukawa tunakisikia mpaka alipopotea kule juu. (Baadaye nimekuja kusoma kwamba huko Savoie kwenye milima ya Ufaransa vinakotoka visu vya aina hii wana mbinu hiyo hiyo ya kugonga kitako. Wiki tatu za video hakuna aliyeniambia.)

Sasa bwana mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikalivuta bapa likafunguka lote, nikazungusha pete kwa mbwembwe, krrk, ikafunga, nikakata kitunguu kimoja watu waone. Wakaona. Hawakusema kitu. Nimemaliza nataka kukikunja, pete haizunguki. Mafuta ya mbuzi, majivu, mti umevimba, sijui nini, pete imeng'ang'ania. Kisu kilichokataa kufunguka sasa kimekataa kufungwa.

Mahemani walinikatalia nisiingie nacho. Kikalala nje peke yake, asubuhi kimeota kutu ya rangi ya fanta.

Shida ikawa basi la kurudi. Huwezi kukaa kwenye basi la Morogoro Dar, kilomita karibu mia na tisini, umeshika kisu wazi chenye kutu, na mpini umeungua. Nikikiweka kwenye begi kinatoboa, nikikifunga na soksi kinatoboa soksi. Dada wa masjala alikuwa amebakiwa na boflo moja zima. Akanipa bila kusema neno, nikakichomeka kwa ncha, nikakisukuma chote, mpini na kila kitu, nikaziba tundu na kile kipande cha ganda. Kikatulia. Ala halisi.

Njia nzima nimelipakata lile boflo. Konda anasema kaka weka mkate juu kwenye kerea, nasema hapana huu nakaa nao. Pembeni yangu mtoto ameuona tangu Mikese, analia, anaunyooshea mkono, mama yake ananitazama jicho la mtu gani mchoyo hivi. Chalinze nikamnunulia mtoto mayai na soda. Bado anataka mkate.

Nyumbani nimefika saa mbili usiku, nimechoka, matope mpaka masikioni, nikaweka vitu mezani nikakimbilia bafuni. Maji ya moto yale, nasikia raha, nasikia mama watoto anafungua droo ya jikoni anatoa kisu chetu cha siku zote awakatie watoto mkate wa safari. Nikakumbuka. Nikafungua mdomo nipige kelele, sabuni ikaingia.

Nikasikia kule jikoni, krrk.

"Baba J! Mkate wa Morogoro mbona una mfupa?"