Nipo, Nahodha

Mimi ni mtoto wa Mwananyamala, na bahari naijua hadi magotini. Coco Beach naifahamu vizuri sana, hasa upande wa mihogo na pilipili. Lakini ukioa Singida, jina la "mtu wa pwani" linakufuata lenyewe, nami sikuona sababu ya kulifukuza. Kila nikienda ukweni naulizwa habari za papa, nyangumi na majini, na wote hao nawajibia bila kupepesa macho.

Basi mwaka jana, Julai imeanza, watoto wako likizo, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaja Dar na familia yake kwa gari lake mwenyewe. Zaidi ya kilomita 600, anaendesha mwenyewe. Alifika usiku na kuku wawili, dumu la mafuta ya alizeti, na hadithi. Siku mbili nzima nyumbani kwangu hakikuzungumzwa kitu kingine: vibao vya 50, malori ya Chalinze, na yule askari wa tochi aliyeibuka nyuma ya mwembe karibu na Gairo.

"Mimi nilikuwa kwenye 50 kamili," anasema shemeji.

"Sabini na tatu," anasema mkewe, bila kuinua macho kwenye mchele anaochambua.

Watoto wangu wanamtazama mjomba kama rubani. Nikaona heshima ya mwenye nyumba inaondoka mbele ya macho yangu. Nikasema, "Shemeji, barabara umeimaliza. Kesho Sabasaba, nakupeleka baharini. Kisiwa cha Mbudya."

Mke wangu alikuwa na mipango yake ya maonyesho kule Barabara ya Kilwa, kuna masufuria alikuwa ameyawekea nia tangu mwaka wa juzi. Akanitazama. "Baba Junior, njia ya Mbudya unaijua?"

"Bahari ina njia gani ya kujua? Barabara ndiyo ina kona. Bahari haina kona."

Naomba muiweke hiyo kauli pembeni, tutairudia.

Sasa, watu wenye akili huenda Mbudya kwa boti ya mashine kutoka Kunduchi. Unapanda, unavaa boya, hujamaliza kupiga picha umeshafika. Mimi nilihesabu vichwa, tuko sita pamoja na watoto, nikazidisha, nikaona jibu silipendi. Nikakumbuka pale Msasani ninaponunua samaki kuna mzee mmoja mwenye mashua ya tanga. Tukaelewana nusu ya hesabu ile. Nyumbani sikusema habari ya nusu. Nilisema, "Babu zetu walikwenda kwa tanga." Babu yangu mimi alikuwa fundi cherehani, na hata kivuko cha Kigamboni alikuwa anakipanda amefumba macho.

Usiku nikasoma simu kama mtu wa mtihani. Asubuhi, tumekaa ndani ya mashua, niko tayari. "Kulia kwenu ni Bongoyo," nawaambia, mkono umenyooka. "Kile cha mawe kule mbele ni Pangavini. Kinachofuata ni Mbudya. Hivyo vyote, pamoja na Fungu Yasini, vilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1975." Shemeji akatikisa kichwa, kimya. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunyamaza tangu afike, na mimi nikakaa vizuri.

Kwenda kulikuwa kutamu, sitadanganya. Julai ni msimu wa kusi, upepo unatoka kusini, na sisi tunakwenda kaskazini. Tanga limejaa kama tumbo la mwenye shibe. Mashua inakwenda kama mtoto aliyetumwa dukani akaahidiwa chenji. Nahodha amekaa nyuma, usukani kwapani, kofia ya vito kichwani, hana neno. Kijana wake amelala kwenye kamba. Nikajiambia, hii kazi ya ubaharia watu wanaikuza tu.

Kisiwani tuliogelea, tukala samaki wa kukaanga chini ya banda la makuti, na pilau letu wenyewe lililokuja ndani ya hotipoti. Hii hotipoti lazima niieleze. Ni kubwa, nyeupe, ina maua mekundu, na mama mkwe aliibeba mwenyewe mapajani kutoka Singida siku ya kicheni pati ya mke wangu. Kwetu haitoki kabatini ila Idi na Krismasi. Siku hiyo ilitoka kwa sababu shemeji ni wa ukoo.

Saa saba nahodha aliposwali, akaja akaniambia tuanze kurudi, upepo unaongezeka. Nikamwomba saa moja zaidi, shemeji anapigwa picha kwenye mbuyu. Na katika saa hiyo moja, kwa kutaka kuonekana, nikafanya usafi. Hifadhi ni hifadhi. Nikaokota chupa, nikaokota maganda, nikaingia hadi ndani ya mashua iliyokuwa imepandishwa mchangani. Nikakuta dumu la mafuta ya kula la lita tano, limekatwa mdomo kwa mshazari, limechakaa, lina lami chini, linanuka samaki. Watu wachafu jamani! Nikalitia kwenye mfuko na takataka nyingine, nikaenda kukabidhi kunakokusanywa uchafu. Mke wangu akanisifu mbele ya kaka yake.

Saa nane tukasukuma chombo. Nahodha akatazama juu, akatazama maji, akasema, "Kurudi tutabisha."

Nikamuwahi. "Hapana nahodha, hatubishi. Bei ni ileile tuliyokubaliana asubuhi."

Akanitazama kwa muda. "Upepo, mwanangu. Tunaubisha upepo."

"Anasemaje?" shemeji akauliza.

"Anasema upepo wa leo ni mbishi."

Kumbe kubisha ndiyo kazi yenyewe. Kusi linavuma kutoka Msasani, na sisi tunakwenda Msasani. Chombo cha tanga hakiwezi kuuendea upepo uso kwa uso. Kinakwenda mshazari, mbaali kuelekea bahari kuu, hadi unaanza kusoma dua za mwisho, halafu kinageuka, kinakwenda mshazari tena kuelekea ufukweni, halafu kinageuka tena. Kila kikigeuka, yule kijana anakimbia mbele, anaizungusha foromali, ule mti unaoshika tanga, mbele ya mlingoti, tanga linapiga kelele kama bati linaloezuliwa, na abiria wote mnahama upande kwa magoti.

Tulipogeuka mara ya pili, shemeji akaniinamia sikioni. "Shemeji, si ulisema bahari haina kona?"

Sikumjibu. Tumbo langu lilikuwa limeanza mazungumzo yake.

"Kaeni joshi!" nahodha akapaza sauti. Wote wakanitazama mimi, mtu wa pwani. Nikaitikia kwa kichwa kama anayejua, nikabaki palepale. "Joshi, joshi!" Nikahamia upande ulioinuka kwa kubahatisha, na hapohapo samaki wa Mbudya akaamua kurudi baharini. Nikatoa kichwa nje, nikatapika. Upepo ukarudisha vyote, nikagawiwa mimi, akagawiwa mke wangu, na kofia mpya ya shemeji ikapata fungu lake. Hapo ndipo nilipojua joshi ni upande gani. Ni ule upepo unakotokea. Ukitaka kutapika, tapikia upande wa pili, unaitwa demani.

Mawimbi nayo yakaanza kuingia, moja moja, kama wageni wa msiba. Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Nahodha akapiga kelele, "Upo!"

"Nipo, nahodha!" nikajibu. Niliguswa kwamba katika hali ile mzee ananijali.

"Upo! Upo!"

"Nipo! Nipo hapa kwenye mlingoti!"

"Upo uko wapi?"

"Niko hapa, mzee wangu, sijaanguka!"

Yule kijana alikuwa amepiga magoti anapapasa chini ya mbao. Akainuka, uso umebadilika. "Nahodha, upo haupo."

Mke wangu akanishika mkono. "Nani huyo hayupo?"

"Upo, dada," kijana akasema, na mikono yake ikachora hewani: kitu chenye tumbo pana, mdomo umekatwa kwa mshazari. "Dumu la kufulia maji. Tunachotea maji yakiingia."

Nikahisi baridi ambayo si ya bahari. Nikatazama nyuma, Mbudya inaonekana vizuri, na dumu letu liko kule, limehifadhiwa. Nilifikiria kunyamaza, lakini Junior, mtoto wangu wa damu, akasema, "Si lile baba alilolitupa?"

Kikapita kimya. Nahodha akauliza taratibu, "Mwanangu, umezaliwa wapi?"

"Mwananyamala."

"Aa," akasema. Hakusema kitu kingine hadi tulipogeuka tena.

Macho yote yakaangukia hotipoti. "Hotipoti ya mama!" shemeji akasema kama mtu anayemwona ndugu kizimbani. Mke wangu akaifungua mwenyewe, akamwaga pilau lililobaki, na kabla hajauweka mfuniko chini, kusi likamnyang'anya. Mfuniko ukaruka, ukatua majini maua juu, ukaelea vizuri kabisa, ukaondoka kuelekea Bagamoyo. Siku hiyo ndio peke yake uliokuwa unakwenda na upepo.

Mnaotegemea hotipoti kufulia maji, sikilizeni. Kwa nje ni kubwa kama ngoma, lakini ndani inachukua kidogo sana, unene wote ni wa kutunza joto. Isitoshe ilipasuka ukingo, maji ya chumvi yakaingia katikati ya kuta zake, ikawa nzito kama jiwe la kusagia. Tulipokezana mimi na shemeji, michoto mia mimi, michoto mia yeye. Kila nikiinua kichwa naiona Pangavini.

"Shemeji," akasema katikati ya zamu yake, "kale kakisiwa ka mawe si tulikapita saa tisa?"

"Kile kilikuwa kingine."

"Hiki kina kichaka kilekile."

Akachota, akamwaga. Mkewe, ambaye hakuwa ametamka neno tangu Mbudya, akasema, "Gairo kulikuwa kuzuri."

Msasani tulifika jua linazama. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua ikagusa chini mbali na ufukwe, tukashuka na kutembea kwenye tope na nyasi za bahari, viatu mkononi, watoto mabegani, kama wakimbizi waliotoka kwenye sherehe. Wauza samaki walituangalia bila kuuliza kitu, jambo lililoniuma kuliko kama wangecheka.

Nikamuuliza nahodha nimlipe kiasi gani kwa upo wake. Alifikiri. Akaichukua hotipoti mikononi mwa shemeji, akaipima uzito, akaigonga chini kwa kidole. "Hii niachie," akasema. "Ikikatwa ukuta wa nje itachota."

Kwenye gari, shemeji ndiye aliyeendesha. Polepole sana, kwenye 50 kamili. Simu ya mke wangu ikalia, mama mkwe, anataka kujua wageni wameionaje bahari. Wakaongea, wakaongea, kisha simu ikaletwa kwangu.

"Baba, nasikia mlikula pilau huko. Hotipoti yangu ipo?"

"Ipo, mama," nikasema. Na ipo kweli.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Msasani kununua samaki. Mashua ile ilikuwa imepandishwa mchangani, na ndani, imefungwa kwa kamba kwenye ubao, kipo kitu cheupe chenye nusu ua jekundu. Nikataka kupita kwa mbali. Mzee akaniona.

"Upo?" akaita, mkono juu.

"Nipo, nahodha."

Akaniinulia changu wawili wa wastani, akataja bei ya nguru mzima. Nikalipa bila kubisha.